Upande ulioang'aa na upande uliobaki giza: kisa cha taa ya Lumicell katika upasuaji wa titi

Tarehe 5 Machi 2024 kamati ya ushauri ya Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilikaa kujadili dawa moja ya sindano pamoja na kamera yake. Dawa inaitwa pegulicianine, na sokoni jina lake ni Lumisight. Kamera inatengenezwa na kampuni ya Lumicell ya Massachusetts. Kazi ya viwili hivi ni moja: mwanamke akiwa bado amelala mezani, uvimbe wa saratani umeshatolewa kwenye titi lake, daktari aweze kumulika shimo lililobaki na kuona kama kuna saratani iliyosahaulika humo ndani.

Jaribio lililoletwa kuutetea mfumo huu lilijiwekea malengo matatu kabla ya kuanza. Likafikia mawili, likakosa la tatu. Na la tatu ndilo ambalo mtu yeyote angeliuliza kwanza: saratani ikiwepo, kifaa kinaiona? Jibu lilikuwa asilimia 49.3. Ukirusha shilingi hewani unakaribia hapo hapo.

Hata hivyo wanakamati 16 walikubali kwamba faida inazidi hatari, 2 wakakataa, 1 akajizuia. Mwezi uliofuata FDA ikatoa kibali. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilijiambia kwamba hapa pesa imeongea. Nikarudi kwenye takwimu, moja baada ya nyingine, na sasa siamini tena hivyo. Naona kamati ilikuwa na sababu. Ila sababu yenyewe ni nyembamba kuliko matangazo yanavyoionyesha, na inafaa kupimwa polepole.

Wino na siku za kusubiri

Tuanze na tatizo lenyewe, maana bila kulielewa asilimia 49.3 haina maana yoyote.

Kwa miaka mingi saratani ya titi ilimaanisha kukatwa titi lote. Kilichobadilisha mambo ni majaribio mawili makubwa, moja la Bernard Fisher na wenzake Marekani, lingine la Umberto Veronesi huko Milano. Mwaka 2002 wote wawili walichapisha matokeo ya miaka 20 ya kuwafuatilia wagonjwa, na jibu lilifanana: mwanamke aliyetolewa uvimbe tu na titi likabaki hakuwa na maisha mafupi kuliko yule aliyekatwa titi lote. Lakini kwenye jaribio la Fisher kulikuwa na sharti. Waliotolewa uvimbe bila kupigwa mionzi, saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 39.2 yao ndani ya miaka hiyo 20. Waliopigwa mionzi, asilimia 14.3. Takwimu hizi mbili zishike, tutazihitaji mbele.

Kwa hiyo upasuaji wa kuhifadhi titi ukawa wa kawaida, na ukaja na swali lake: umetoa kiasi gani cha kutosha? Daktari hukata uvimbe pamoja na nyama nzuri kidogo kuuzunguka. Kipande kikishatoka hutiwa alama za nyuzi ili ijulikane juu ni wapi na chini ni wapi, upande wa kwapa ni upi na wa kifuani ni upi. Maabara hukipaka wino nje, mara nyingi rangi tofauti kila upande, hukiloweka kwenye fomalini, hukikata vipande, huvigandisha kwenye nta, kisha huchanja tabaka nyembamba mno, za mikroni chache, na kuziweka chini ya hadubini. Mtaalamu wa patholojia anatafuta kitu kimoja: je, kuna seli ya saratani iliyogusa wino? Mwaka 2014 vyama viwili vya Marekani, cha madaktari wa upasuaji wa saratani na cha madaktari wa mionzi, vilikubaliana kwamba kwa saratani iliyokwishapenya, kipimo ndicho hicho: wino usiguse saratani, basi, hakuna haja ya kuongeza milimita. Kwa saratani iliyo bado ndani ya mirija ya maziwa waliweka milimita 2, miaka miwili baadaye.

Shida ni kwamba jibu la wino linachukua siku kadhaa. Mgonjwa ameshaamka, ameshashonwa, ameshaenda nyumbani na bendeji yake. Anapigiwa simu: mama, tunaomba urudi, ukingo mmoja haukuwa safi. Kwa Marekani, mara kwa mara katika tafiti, hali hii huwapata karibu mwanamke mmoja kati ya watano. Anarudi mezani, usingizi tena, kovu linafunguliwa tena, umbo la titi linaharibika zaidi, na wengine wakifika hapo wanachoka na kusema bora likatwe lote.

Kwa nini daktari asijue palepale? Kwa sababu saratani si jiwe. Katikati ya uvimbe mkono unahisi ugumu, lakini pembeni kuna vijitawi vilivyojipenyeza kwenye mafuta, na saratani ya mirija mara nyingi haishikiki kabisa. Wapo wanaopiga kipande eksirei palepale ndani ya chumba cha upasuaji, na hiyo husaidia, hasa kwenye saratani zenye chembe za chokaa zinazoonekana kwenye picha. Lakini kipande cha titi kikiwekwa mezani hulala chini na kutandazika kama donge la chapati lililoachwa lipumzike. Ukingo uliokuwa milimita kumi ndani ya mwili unaonekana milimita tatu kwenye picha, au kinyume chake. Umepima kitu ambacho hakina tena umbo lake.

Karabai iliyofunikwa

Walichofanya watengenezaji wa pegulicianine ni kuacha kukitazama kipande na kulitazama shimo.

Molekuli yenyewe imeundwa kwa ujanja ninaoupenda. Ina rangi inayong'aa kwa mwanga mwekundu, Cy5. Pembeni yake imefungwa molekuli nyingine, QSY21, ambayo inanyonya ule mng'ao wote usitoke. Kinachoziunganisha ni kamba fupi ya protini. Ni karabai inayowaka lakini imefunikwa ndoo. Ikiingia mwilini hivyo hivyo, huoni kitu. Sasa, saratani inapojipenyeza kwenye nyama ya jirani hutumia vimeng'enya vya kukata njia, kathepsini na jamaa zake, na vimeng'enya hivyo vinaikata ile kamba. Ndoo inaondoka, taa inaonekana. Saratani inajitangaza kwa panga lake yenyewe.

Wazo lilikuzwa MIT, chuo cha teknolojia cha Massachusetts, ambako miongoni mwa waliohusika mwanzoni alikuwamo mkemia Moungi Bawendi, yule aliyepata Nobeli ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi nyingine. Mwaka 2016 kundi la Chuo Kikuu cha Duke lilichapisha jaribio la kwanza kwa binadamu: wagonjwa 15, wenye saratani ya nyama laini au ya titi, sambamba na majaribio ya panya.

Katika matumizi ya sasa mgonjwa anachomwa miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake, kwenye mshipa, kwa dakika tatu, kati ya saa mbili na saa sita kabla ya kupiga picha. Daktari anatoa uvimbe kama kawaida. Kisha anaingiza kichwa cha kamera ndani ya shimo na kukigusisha kwenye kuta zake, upande baada ya upande: juu, chini, kulia, kushoto, mbele, nyuma. Kichwa kinaona duara la sentimita 2.6 kwa wakati mmoja. Programu inalinganisha mng'ao na kiwango kilichokokotolewa kwa mgonjwa huyo huyo, na panapozidi inapaka alama nyekundu kwenye skrini. Upande ukiwa na alama, daktari anachanja kipande chembamba cha nyongeza upande huo.

Hapa pana jambo ambalo litatusaidia kuelewa makosa ya taa. Vimeng'enya hivyo si mali ya saratani peke yake. Seli za kinga zinazo pia, na pahali penye kovu au uchochezi huwa na seli za kinga tele. Kwa hiyo taa inaweza kuwaka pasipo na saratani. Na saratani isiyotoa vimeng'enya vya kutosha, au iliyo chini kidogo ya uso wa ukuta, inaweza kubaki gizani.

Kura baada ya kisu

Jaribio kubwa liliitwa INSITE, likafanywa katika vituo 14 vya Marekani, likiongozwa na Barbara Smith wa Massachusetts General Hospital, Boston, na kuchapishwa mwaka 2023. Wanawake 406 walichomwa dawa. Kati yao 392 waliingizwa kwenye kura: 357 wamulikwe, 35 wasimulikwe.

Msomaji makini atauliza mara moja: 357 kwa 35? Kura gani hiyo ya upande mmoja?

Jibu liko kwenye wakati kura ilipopigwa. Daktari alikuwa anamaliza kwanza upasuaji wote wa kawaida, pamoja na vipande vyote vya nyongeza ambavyo angechanja kwa desturi yake. Akisema nimemaliza, ndipo anaambiwa kama mgonjwa huyu atamulikwa au la. Ukimwambia daktari mapema kwamba ana taa, anaweza kulegea: akate kidogo tu, taa itanisaidia. Halafu taa ikikuta saratani iliyobaki kutokana na ulegevu huo, sifa zinaenda kwa taa. Wale 35 waliwekwa ili asijue. Hawakuwekwa ili kulinganisha makundi mawili, na huwezi kuyalinganisha; 35 ni wachache mno. Kila mgonjwa kati ya wale 357 alilinganishwa na nafsi yake, kabla ya taa na baada ya taa.

Ni mpango mzuri kwa swali moja: taa inaongeza nini juu ya kazi ya daktari mwangalifu? Kwa swali la pili, la je, wanawake wenye taa wanarudi mezani mara chache kuliko wasio nayo, mpango huu haukutengenezwa kulijibu. Matangazo mengi niliyoyaona yanayachanganya maswali haya mawili kana kwamba ni moja.

Papai

Sasa turudi kwenye ile asilimia 49.3.

Kipimo chochote cha namna hii kina makosa mawili. Kosa la kwanza ni kutoona kilichopo. Kosa la pili ni kusingizia kisichokuwepo. Kwenye kosa la pili taa ilifanya vizuri: pande zilizokuwa safi, asilimia 85.2 taa ilinyamaza ipasavyo, na lengo lilifikiwa. Ni kwenye kosa la kwanza ilipoanguka. Katika pande zilizohesabiwa kuwa na saratani, taa iliwaka chini kidogo ya nusu, na mstari uliowekwa kabla ya jaribio haukuvukwa.

Lakini nani aliyehesabu kwamba upande fulani "una saratani"? Pale taa ilipowaka, kilichanjwa kipande na kikapelekwa maabara, hapo hakuna ubishi. Pale taa ilipobaki giza, hakuna kilichochanjwa. Ukweli ulitafutwa kwenye ule wino: ukingo wa kipande kilichotolewa, upande huo, una saratani au hauna? Ukiwa nayo na taa ikawa giza, taa imekosa.

Chukua papai, ulikate katikati. Kisu kimepita, una nusu mbili. Nusu ya kulia ina mbegu zimegusa kabisa mahali kisu kilipopita. Je, nusu ya kushoto nayo ina mbegu? Huenda. Huenda pia mbegu zote zimebaki kulia. Wino unakuambia habari za nusu iliyotoka. Taa inatazama nusu iliyobaki. Kisu kikipita milimita ya mwisho kabisa ya saratani, wino utasema si safi, taa itasema hakuna kitu hapa, na wote wawili watakuwa wakweli, lakini kwenye jedwali taa imepata sifuri.

Hili si jambo la kubuni ili kuitetea kampuni. Madaktari wa titi wanalijua kwa uchungu: mwanamke anarudishwa mezani kwa sababu ukingo haukuwa safi, anakatwa tena, na maabara inatafuta kwenye kile kipande cha pili na haikuti saratani yoyote. Hutokea mara nyingi sana. Kila mmoja wa wanawake hao ni mtu ambaye wino ulimwita na hakukuwa na kitu cha kumwitia.

Kwa hiyo asilimia 49.3 ni mchanganyiko wa mambo mawili yasiyofanana: saratani ambazo kweli taa ilizipita gizani, na kuta zilizokuwa safi ambazo zilihukumiwa kwa kosa la jirani. Ni ngapi za aina ya kwanza na ngapi za pili? Jaribio halikuchanja pande zilizokuwa giza, kwa hiyo haliwezi kusema.

Na hapa natofautiana na watetezi wa mfumo. Wao husema kipimo kilikuwa kibaya, basi tukiache. Mimi nasema mstari ule waliuchora wenyewe kabla ya mechi kuanza, wakijua wino unapima nini na taa inapima nini. Tatizo la papai halikuzaliwa siku matokeo yalipofunguliwa. Waliokuwa na shaka nalo walipaswa kuchanja hata pande chache za giza, kwa ridhaa ya wagonjwa, ili wajue. Kukosa lengo kuna maelezo, ndiyo. Maelezo hayageuzi kukosa kuwa kupata.

Ishirini na saba, ishirini na mbili, tisa

Upande wa pili wa kioo ndio uliowashawishi wanakamati, nadhani.

Kwa wanawake 27 kati ya 357, yaani asilimia 7.6, taa iliwaka baada ya daktari kusema nimemaliza, kikachanjwa kipande, na ndani ya kipande hicho kukawa na saratani. Hawa hawana ubishi wa papai. Saratani ilikuwa kwenye shimo, imetolewa, imeonekana kwenye hadubini.

Na 22 kati yao, upande ambao saratani hiyo ilitoka ulikuwa umehesabiwa na wino kuwa safi.

Soma tena hiyo. Bila taa, wanawake hao wangepewa karatasi inayosema upande huo hauna shida, na saratani ikiwa ndani. Mtaalamu wa patholojia hakuzembea. Kipande cha titi kina unene wa sentimita, na tabaka linalotazamwa ni mikroni chache. Kati ya tabaka moja na jingine kuna nyama nyingi ambayo hakuna jicho lililoiona. Kuutazama uso wote kungehitaji mamia ya vioo vya hadubini kwa mgonjwa mmoja. Wino tumeuita kipimo cha dhahabu kwa sababu hatuna kingine, na dhahabu hii ina matundu. Sasa kipimo chenye matundu ndicho kilichotumika kusema taa haioni.

Halafu kuna 9. Baada ya upasuaji wa kawaida, wanawake 62 walikuwa na ukingo usio safi. Kwa 9 kati yao, vipande vilivyochanjwa kwa kuongozwa na taa viliutoa ule ukingo mbaya, wakaepuka kurudi mezani.

Tisa kati ya 62 ni kama mmoja kwa saba. Tisa kati ya 357 waliomulikwa ni mmoja kwa arobaini hivi. Muuzaji atakupa hesabu ya kwanza. Mgonjwa anayejiuliza kama akubali sindano yuko kwenye hesabu ya pili, kwa sababu asubuhi ile hajui kama yumo kwenye wale 62.

Vipi wale 22? Hapa ndipo takwimu za Fisher zinaporudi. Saratani ndogo iliyobaki kwenye titi si lazima irudi. Mionzi ipo kwa ajili hiyo hasa: kuua kile ambacho kisu kimekiacha, na kwenye jaribio lake ndiyo iliyoshusha asilimia 39.2 hadi 14.3. Makubaliano ya 2014 yaliegemea hapo hapo, kwamba wino safi pamoja na mionzi inatosha, hata kama mabaki madogo yapo. Kutoa mabaki hayo ni jambo jema ukiliangalia kwa akili ya kawaida, lakini INSITE haikuonyesha kwamba mwanamke aliyetolewa anaishi zaidi au saratani yake inarudi kidogo. Haikuwafuatilia kwa lengo hilo. Anayekuambia taa inazuia saratani kurudi amekwenda mbele ya ushahidi.

Mshindani asiyehitaji umeme

Kuna jambo ambalo kila nikilisoma suala hili nashangaa linatajwa kwa haraka. Mwaka 2015 Anees Chagpar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha jaribio la wagonjwa 235. Nusu walichanjwa vipande vya nyongeza kuzunguka shimo lote, bila taa, bila dawa, bila picha, kisu tu na desturi. Wasio na ukingo safi walishuka kutoka asilimia 34 hadi 19. Waliorudi mezani walishuka kutoka asilimia 21 hadi 10. Ni nusu.

Kwa haki ya Lumicell, madaktari wa INSITE walimulika baada ya kumaliza kuchanja vipande vyovyote vya nyongeza vya desturi yao, kwa hiyo faida ya taa inakuja juu ya kazi hiyo, haishindani nayo. Lakini hospitali inayojiuliza ianze na lipi haina cha kufikiria sana. Kisu kipo.

Wapo pia wanaotumia mwanga kwa njia nyingine, bila kumchoma mgonjwa chochote. Tomografia ya mwanga hufanya kama ultrasaundi, ila badala ya sauti hutumia mwanga, na huona hadi milimita 2 chini ya uso wa kipande kilichotolewa kwa undani wa mikroni chache. Haina hatari ya mzio. Inaangalia kipande, si shimo, na mtu lazima ajifunze kusoma picha za kijivu zilizojaa vivuli. Ni nusu ya kulia ya papai tena.

Sindano si maji

Wanawake 6 walisimamishiwa dawa kwa sababu ya madhara wakati wa kuchomwa, na 2 walipata madhara makubwa yaliyohusishwa nayo. Kibali cha FDA kimekuja na onyo la ngazi ya juu kabisa, lile linalofungiwa kwenye kisanduku: mzio mkali unaoweza kuua. Dawa itolewe mahali penye watu na vifaa vya kuokoa maisha, na mgonjwa aangaliwe.

Mizani hii ni ngumu kuliko inavyoonekana. Dawa ya kutibu saratani ikileta mzio kwa mmoja kati ya mia mbili, tunaivumilia, maana wote wanaochomwa wana ugonjwa unaotibiwa. Hii haitibu. Inachomwa kwa watu wote ili wachache wafaidike, na wengi wa waliochomwa walikuwa wameshatolewa saratani yote kwa kisu kabla taa haijaingia.

Kuna mengine madogo yanayowahusu wauguzi zaidi. Mkojo hubadilika rangi, wa bluu au kijani, na mgonjwa asipoambiwa mapema atashtuka. Na zile rangi za bluu zinazotumiwa kutafuta tezi za kwapani zinaharibu picha, kwa hiyo zisitumike kabla ya kumulika. Kwa timu iliyozoea kuanza na kwapa, hiyo ni kubadili mpangilio mzima wa asubuhi.

Maelezo rasmi ya dawa yanasema pia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha kuitumia vizuri: picha isiyong'aa haimaanishi hakuna saratani, na mahali panapong'aa si lazima pawe na saratani. Kwa lugha ya chumba cha upasuaji, taa ikiwaka, una sababu ya kuchanja. Isipowaka, hujapata sababu ya kuacha kufanya chochote ulichokuwa ufanye. Daktari aliyetaka kuchanja upande wa chini kwa sababu eksirei ilimtia shaka, achanje, hata kama skrini ni nyeusi tii. Kifaa kinachoona nusu kina faida kikitumiwa kuongeza. Kikitumiwa kupunguza, ni hatari. Nina hofu kwamba uchovu na haraka ya orodha ya wagonjwa vitawasukuma wengine kwenye matumizi hayo ya pili.

Kwetu

Nimeulizwa kama kitu hiki kinakuja Dar es Salaam au Nairobi. Sidhani ndilo swali la kwanza. Upasuaji wa kuhifadhi titi unahitaji mionzi baada yake, na mashine za mionzi kwetu ziko kwenye miji michache. Mwanamke wa Rukwa au Kigoma atakaa Ocean Road au Bugando kwa wiki kadhaa mbali na kwake. Wengi wanafika uvimbe ukiwa mkubwa, na titi lote linakatwa, kwa hiyo swali la shimo na kuta zake halizuki kabisa. Wanaofanyiwa upasuaji wa kuhifadhi titi wanaongezeka, na kwao kuna jambo ambalo daktari anaweza kulifanya kesho bila kuagiza chochote: kuchanja kuta zote za shimo kama walivyofanya Yale, na kumwekea mtaalamu wa patholojia nyuzi za alama zinazosomeka. Jibu la wino likichukua wiki tatu badala ya siku tano, kuepuka upasuaji wa pili kuna thamani kubwa zaidi hapa kuliko Boston.

Ningekuwa kwenye kamati ile ningepiga kura na wale 16, kwa sababu ya wale 27. Lakini ningeomba iandikwe pamoja na kibali kwamba kati ya wanawake 62 ambao daktari aliwaacha na ukingo usio safi, baada ya taa kupita kwenye kuta zote, 53 bado walikuwa nao.